Ganzi Iliyokataa Kushika

Benchi letu liko mbele ya duka la Zuber, muuza nafaka na kahawa, pale mteremko wa kwenda sokoni Tukuyu. Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, moja imefunguliwa ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo Nsajigwa, tunayemwita Chuma, alitoka humo shavu limevimba, leso imelowa damu. Kang'olewa gego na ganzi haikushika. Kalia mpaka sokoni wamemsikia, mtu mzima yule. Nilipandwa na hasira utadhani jino lilikuwa langu.

— Namsubiri daktari hapahapa, alisema Chuma. Akitoka tu, namng'oa la kwake.

— Kakuchoma sindano ya maji, alisema Andongwisye, ambaye kwa kujua habari za kila mtu tunamwita Redio. Si ruksa bwana? Siku hizi koti jeupe tu, tayari daktari.

— Au dawa iliyoharibika, nikasema mimi. Zikikataliwa kwao Ulaya wanatuletea sisi.

— We acha. Wanatupima, Redio akapandisha. Wanatafuta kabila lisilosikia maumivu, walipeleke migodini.

Mwalimu Ezron, wa biolojia pale sekondari, aliweka kikombe chini.

— Dawa inaweza kuwa nzima. Mishipa ya fahamu ina vitundu vya kupitisha chumvi, ndivyo maumivu yanavyofika kichwani. Ganzi inaviziba.

— Umeviona wapi? Chuma alimkatiza.

— Ni vidogo mno. Watafiti wanavijua kwa kuviziba.

Akachukua birika la Zuber, akatia ulezi, akamimina. Ulezi ukatoka na kahawa. Akatumbukiza maharage, akamimina tena. Kahawa ikagoma.

— Ndani ya mdomo huu wa birika sijachungulia, lakini upana wake sasa naukadiria. Na harage limezibia kwa ndani. Ganzi nayo lazima ipenye kwanza ndani ya mshipa, na penye usaha inapenya kwa shida. Daktari angekupa vidonge vya kukausha usaha kwanza, uvimbe ushuke, ndipo ang'oe.

— Mwalimu, hiyo ndiyo kahawa ya mwisho, alisema Zuber kwa uchungu.

Chuma hakumsikiliza.

— Kwa hiyo alijua?

— Kama kweli alisoma, alijua.

— Basi hiyo ni mbaya kuliko maji.

Akainuka, nasi tukainuka. Mimi nilishaokota jiwe.

Hapo akafika mama mmoja, binti yake mgongoni, shavu la mtoto limevimba hadi jicho limefumba.

— Mugonile, baba zangu, alisalimu. Mimi Agness, natoka Masoko. Kule hospitali ya serikali ganzi wameishiwa, wamesema niende kwa watu binafsi. Ndiyo hapo?

— Usithubutu, alisema Chuma.

— Asing'olewe leo, mama, alisema Ezron. Ameze vidonge kwanza. Kiasi cha mtoto atakuambia daktari.

— Daktari yupi?

Tukatazama ng'ambo, kwa daktari yuleyule, kisha tukatazamana. Mtoto alianza kulia, nami nikaliachia jiwe chini.