Koki Mahali Mkono Unapofika: Maisha ya Mdogo Wangu Kisanduku

Ndugu, jamaa na majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na nyinyi mliomjua mtandaoni tu na leo ndiyo mara yenu ya kwanza kuiona nyumba yake, familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kusoma historia hii, nanyi mnivumilie nikienda polepole, maana aliyenifundisha kusoma ndiye tuliyekuja kumzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa baba aliyeendesha lori la kiwanda na mama aliyefua nguo za watu, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na maswali yake, kwani alilia kidogo, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba anatafuta msimamizi wa pale ni nani.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akasomea ufundi hadi 1977. Mimi sikupelekwa shule, nyumba ilitaka mikono, lakini yeye kila akirudi alinikalisha jikoni na makaratasi ya sabuni yaliyoharibika kiwandani, akanisomesha herufi moja moja, na hadi leo nikiiona herufi B pua yangu inanusa povu.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa idara ya maji, akawa mchoraji wa ramani za mabomba mpaka alipostaafu mwaka 2017, na kompyuta zilipoletwa ofisini mwaka 1992, wenzake wakizizunguka kama mtu anavyozunguka mbwa asiyemjua, yeye alivuta kiti akakaa. Hata hivyo kazi ya mabomba haikumtoka kichwani, kila jambo alilipima kwa maji, alikuwa akituambia kwamba mwenye nyumba hana haja ya kujua bomba limepita wapi chini ya ardhi, haja yake ni koki ikae mahali mkono unapofika.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona hapa, fundi cherehani, ambaye alipelekewa suruali ileile kupunguzwa mara tatu katika wiki moja, mpaka akamwambia kijana wa watu kwamba ikikatwa tena itakuwa kaptula, kwa hiyo kama ana neno aliseme, naye akalisema. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye ni mwalimu, na wajukuu watatu wanaorithi maswali ya babu yao.

Sasa nifike kwenye jambo lililompa jina la Kisanduku. Mwaka 2008 alijiunga na ile ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na watu wote bila mshahara, ambayo kurasa zake nyingi zina kisanduku pembeni, mji uko wapi, una watu wangapi, ulianza lini, na wakati ule ukitaka kurekebisha kitu humo ulikutana na msitu wa mabano yaliyopinda viuno, ukisahau bano moja ukurasa mzima unamwagika kama kabati lililofunguka mlango. Watu waliogopa, wakaacha makosa yakae. Basi mwaka 2012, yeye na wenzake wa mbali wakaanza kutengeneza dirisha, unagusa kisanduku, linafunguka, unakuta nafasi zimepangwa, unajaza, unahifadhi, mabano huyaoni kabisa.

Mtu wa kwanza kulijaribu nilikuwa mimi. Alinifungulia ukurasa wa mji wetu, akaenda kunywa chai, nami palipoandikwa idadi ya watu nikajaza kwamba ni wengi, hasa saa za kutoka kazini, nikahifadhi, dirisha likapokea bila kinyongo, na dunia nzima ikasoma hivyo mpaka kesho yake. Wenzake walicheka, lakini mmoja akaandika kwamba visanduku waachiwe wanaovijua, na dirisha lifungwe. Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu amekasirika, akawajibu, na jibu lake nalikumbuka lote: "Dada hakukosea. Sisi tumemwekea koki bila kumwambia ni ya maji moto au baridi."

Tangu siku hiyo alianza kuweka maelekezo mafupi kando ya kila nafasi, na yote yalianza vilevile, dada, hapa namba tu, dada, hapa jina la mto kama upo. Wenzake wakasema neno dada litolewe, kwani wanaume nao wanajaza, mjadala ukavuta mwezi mzima, mpaka fundi mmoja wa malori, mwenye ndevu zake, akaandika kwamba ameitwa dada wiki nzima, hajapungukiwa na kitu, wala hajakosea kujaza hata nafasi moja, basi neno liachwe. Likaachwa.

Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua, akawa wa kuingia na kutoka hospitali, na Mei mwaka huu wa 2024 aliniita kando ya kitanda akaniambia kwamba kwenye ukurasa wake mwenyewe kuna kisanduku, kimebakiza nafasi moja. "Siku ikifika usimpe mtu wa kompyuta, jaza wewe. Ukishindwa, basi kazi yangu sijaimaliza." Nikamwambia yeye ni msumbufu, hata akiondoka anataka kunitumikisha.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Jana nilikaa mezani pake, mwanawe akataka kunisaidia, nikamwambia shangazi yako hana haja ya mlinzi, nikagusa kisanduku, dirisha likafunguka, nikagusa nafasi ya kifo, na kando yake maelekezo yakatokea: "Dada, tarehe, mwezi, mwaka. Andika taratibu, na usilie juu ya kibodi, kinaharibika." Nikacheka mpaka wifi akaja mbio akidhani nimerukwa na akili, akasoma, tukacheka sote wawili, nikafuta macho, nikaandika, nikahifadhi. Ukurasa haukumwagika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na maswali yake, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, idara ya maji, na wenzake wa mtandaoni, waliokuja na walioandika kutoka mbali.

Mdogo wangu, nimejaza mwenyewe, bila kusaidiwa. Kazi yako umeimaliza. Pumzika kwa amani.