Farasi Themanini wa Kipngeno

Ukitoka stesheni ya reli ya Nakuru ukielekea upande wa magereji, mbele ya duka la spea la Varun, kuna benchi lililoundwa kwa mataruma mawili ya reli na ubao mmoja wa saiprasi. Edinah huweka birika lake la kahawa mwisho wa benchi, upande wa kivuli, na Jumamosi ikishagonga saa tatu hupati pa kukaa bila kuomba watu wasogee. Mimi huja kwa ajili ya kahawa na hukaa kwa ajili ya watu. Kila mmoja hapo ana jina la benchi. Varun mwenyewe anaitwa Orijino, kwa vile ndilo neno ambalo wateja humtamkia kabla hata ya salamu. Maina, fundi wa malori, ni Dizeli. Mzee Omolo, aliyeendesha treni miaka thelathini kabla ya kustaafu, ni Filimbi. Naye Kipngeno, mchomeleaji vyuma, anaitwa Rubani, kwa sababu mwaka wa sita huu anaunda ndege ya viti viwili ndani ya ghala la viazi kule Ndabibi, karibu na Naivasha.

Jumamosi moja Rubani alikuwa na muda mpaka saa sita mchana. Mabawa yamekwisha, mkia umekwisha, magurudumu yamekwisha. Imebaki injini. Ajenti mmoja wa Nairobi alikuwa nazo mbili, za mchoro mmoja. Ya kwanza ilitengenezwa Ulaya na kampuni yenyewe iliyoichora, imetumika miaka kadhaa, kisha ikafunguliwa na kufungwa upya. Ya pili ni mpya, imetoka kiwanda kingine huko Asia ambacho kilipewa leseni, yaani idhini ya maandishi ya kuunda injini ile ile kwa michoro ile ile. Bei zilikaribiana. Mteja mwingine alikuwa anasubiri apewe yoyote itakayobaki, na saa sita ajenti angepiga simu kuuliza: ni ipi?

Kipngeno alizitandaza karatasi za injini zote mbili juu ya paja lake, akazikandamiza kwa kikombe. Hakuwa na haja ya kutueleza uzito wa jambo, tulishalijua. Njia yake ya kurukia ni mita mia nne za nyasi, na mwisho wake ni safu ya mikalitusi ya jirani asiyetaka kusikia habari ya shoka. Na Winrose, mkewe, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne, ameshasema mbele ya watu kwamba wakaguzi wa ndege wakitoa ruhusa, kiti cha pili ni chake.

Maina ndiye aliyeanza. Alisema hawezi kuiamini injini ya leseni, na sababu yake ilikuwa ya kifundi. Hakuna fundi duniani, alisema, anayemfunza mwanafunzi kila kitu. Yeye mwenyewe amewafunza vijana wanane kutengeneza pampu ya dizeli, na kuna jambo moja ambalo hajamwambia hata mmoja wao.

— Jambo gani? Varun akamuuliza.

— Si ndiyo hiyo sijasema.

— Sasa nikikuletea pampu nitajuaje umeifanya vizuri?

— Hutajua. Utarudi tu.

Edinah alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Varun hakucheka sana. Duka hilo alilirithi kwa baba yake, Dhirajlal, na mambo ya vitu halisi na vitu bandia anayachukulia kama watu wengine wanavyochukulia dini. Alieleza taratibu kwamba leseni si wizi. Mwenye mchoro ametia sahihi, ametuma wakaguzi wake, na nambari za vipuri ni zile zile. Dukani kwake zimo filta mbili zilizotoka mashine moja, zikatiwa kwenye maboksi mawili ya rangi tofauti. Mteja akililia la bluu, anampa la bluu, naye anaondoka akipiga mluzi.

— Hao wa leseni wanakaguliwa na mwenye mchoro, alisema. Na mwenye mchoro anakaguliwa na nani? Ni yeye mwenyewe. Rubani, chukua mpya.

Hoja hiyo ilikaa vizuri, na kama angeishia hapo pengine asubuhi yetu ingeishia hapo pia. Lakini benchi lile lina tabia ya kumsukuma mtu hatua moja mbele ya anachokijua. Varun akaongeza kwamba siku hizi kampuni zenye michoro zimechoka kufanya kazi. Huagiza injini kutoka kwa hao hao wa leseni, kisha huchonga jina lao wenyewe ubavuni. Kwa hivyo, alisema, ukichunguza vizuri, duniani hakuna orijino.

— Na hilo jina lako tulibadilishe leo ama kesho? Maina akauliza.

Mzee Omolo alikuwa muda wote akipuliza kahawa yake kama mtu mwenye hukumu mfukoni. Alipoanza kusema, alianza na treni, kama kawaida. Injini iliyotumika, alisema, ina uzoefu. Chuma kilichokwisha kufanya kazi kimeshazoeana, kila kipande kinajua nafasi yake. Yeye hajawahi kupanda kichwa cha treni kipya bila wasiwasi.

Edinah alimwambia basi atafute viatu vya mtu aliyewahi kwenda Kisumu, avivae, vimpeleke vyenyewe.

Mzee hakutikisika. Aliuliza kiwanda hicho cha Asia kiko upande gani wa ikweta. Kipngeno akamjibu kwamba kiko kaskazini. Mzee akaitikia kwa kichwa, huku akitusikitikia. Akatukumbusha wale vijana wa pale kwenye mstari wa ikweta, barabarani, wanaowaonyesha wageni maji yakizunguka kwenye beseni: hatua chache kaskazini yanazunguka hivi, hatua chache kusini yanazunguka vile. Injini iliyozaliwa kaskazini, alisema, mafuta yake yamezoea kuzunguka kwa njia ya kaskazini. Ndabibi ni kusini.

— Mzee, hiyo pikapu yako ilitoka Japani, Varun akamwambia. Japani ni kaskazini.

— Ilikuja na meli. Mwezi mzima baharini. Ilizoea polepole. Hii ya Rubani imeletwa na ndege, imezoea saa ngapi?

Hakuna aliyepata jibu la haraka, na pale kijiweni jibu lisipokuja haraka huhesabiwa kuwa umeshinda. Nilimtazama Kipngeno. Alikuwa ameandika "ikweta" pembeni ya karatasi, kisha akaikata kwa mstari mmoja wa upole. Nimewahi kufikiri kwamba watu huja kuomba ushauri wakiwa wameshaamua, na wanachotafuta ni kampani. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa anatusikiliza kwa kweli, na hilo lilinitia hofu kidogo kwa ajili yake.

Ilikuwa saa tano na nusu mwanamke mmoja aliposimama mbele ya duka, ameshika gasketi iliyoungua kwa vidole viwili. Alikuwa na ovaroli ya kijani iliyokunjwa mikono. Alimsalimu kila mtu, akamwomba Varun moja kama ile, na Varun alipoingia ndani kuitafuta, Edinah alimmiminia kahawa. Alisema anaitwa Jerop, anatengeneza mashine za posho Mau Narok na vijiji vya huko juu.

Maina, kwa kumkaribisha, alimhadithia kesi yote: Ulaya, Asia, leseni, uzoefu, mpaka beseni la maji. Jerop alisikiliza bila kutabasamu pasipostahili. Aliomba kuziona karatasi.

— Zote zinasema nguvu za farasi themanini, alisema.

— Zote, Kipngeno akajibu. Hapo hazina tofauti.

— Zilipimwa wapi?

Kipngeno alimtajia ile miji miwili yenye viwanda. Jerop alitikisa kichwa. Alisema hakuwa anauliza mji. Mwaka juzi alinunua injini ya dizeli kwa mtu wa Voi, injini nzuri, karatasi safi, ilikuwa inasaga kama inacheza. Akaipandisha Mau Narok, ikawa inahema kama mzee mwenye pumu. Haikuwa na ubovu wowote. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini haiwezi kula hewa ambayo haipo. Tangu siku hiyo hupima kwa debe: debe la mahindi ambalo mashine inalimaliza kwa dakika sita hapa mjini, kule kwao huchukua nane.

— Sawa mama, lakini hiyo ni shida ya huko kwenu milimani, mzee Omolo akamwambia kwa heshima. Sisi tuko chini, kwenye bonde.

Sote tuliitikia. Mimi pia niliitikia, nakiri. Ukizaliwa hapa, huku Menengai kule Mau, kila upande unainua macho kutazama nchi iliyo juu yako. Unakua ukijua kwamba uko chini.

— Chini ya Mau, ndiyo, Jerop alisema. Na kutoka baharini?

Nilidhani mzee angerudia habari ya beseni. Badala yake aliweka kikombe chini, na nikaona midomo yake ikisogea kama anayehesabu. Alikuwa anapanda tena kutoka Mombasa, stesheni baada ya stesheni, akisoma ule ubao wa kila stesheni ambao chini ya jina la mahali huandikwa kimo chake.

— Nakuru ni futi elfu sita na kitu, alisema hatimaye. Nimepita ubao huo miaka thelathini. Na kule Naivasha ni zaidi ya hapa. Wallahi tulikuwa tunapanda tu, mabehewa yakilia.

Varun alikuwa amerudi na gasketi. Alichukua karatasi moja, akaisogeza karibu na macho, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, akasoma kwamba nguvu hizo ni kwa usawa wa bahari. Akachukua ile nyingine. Maneno yalikuwa yale yale.

— Sasa, Jerop akamuuliza Kipngeno, na sauti yake haikuwa ya kumshinda mtu, kule kwako Ndabibi zinabaki ngapi?

Hilo ndilo swali. Varun alitoa simu akapiga hesabu, akapata sabini. Maina akapiga yake, akapata hamsini na tano. Mzee Omolo hakujaribu. Nilifikiria mita mia nne za nyasi na ile mikalitusi, na ndege iliyokuwa imepangiwa farasi themanini, na watu wawili ndani yake, na nikaona kwamba tangu asubuhi tulikuwa tukibishana kuhusu jina la aliyeoka mkate bila kuuliza kama unatosha.

Simu ya Kipngeno ililia kabla ya saa sita kamili. Mikono yake ilikuwa na kikombe na karatasi, kwa hivyo aliiweka juu ya benchi na kuifungulia spika.

— Boss, niaje, ajenti alisema. Ni ipi, ya Ulaya ama ya leseni?

— Kabla sijakuambia, nataka kujua kitu kimoja. Mimi niko zaidi ya futi elfu sita. Hizo themanini, kwangu zinabaki ngapi?

Kisha ajenti akasema kwamba hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba yule mwingine yuko pale ofisini, amesimama.

— Kuna mtu yeyote wa huku juu anarusha injini hiyo?

— Kuna mmoja, shamba moja karibu na Nanyuki. Yake ni ya leseni.

— Nipe namba yake. Nataka kwenda kufunga mkia wa ndege yake kwenye mti na mizani katikati, awashe, nione inavuta kilo ngapi.

— Na hizi zangu? Boss, huyu anachukua mpya sasa hivi. Na ile nyingine siwezi kuahidi itakuwepo Jumatatu.

Kipngeno alitazama karatasi. Miaka sita ni mingi, na nilijua kwamba usiku mwingine hulala mle ghalani kando ya ile ndege.

— Muuzie, alisema.

Simu ilikatika. Maina alisema kwa sauti ya chini kwamba anayo mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya viazi, na kwamba Nanyuki si mbali na kwamba lori analo. Jerop akasema mizani ya magunia husema uongo ikizeeka, aipime kwanza kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana. Maina akakubali bila ubishi, jambo ambalo sikuwahi kuliona hapo kabla.

Kisha Kipngeno akampigia mkewe, spika ikiwa bado wazi, kwa kusahau. Alimweleza kama ilivyotokea: ile mpya imekwenda, nyingine huenda pia ikaenda, na kwamba kuanzia leo kila nambari iliyoandikwa kwenye daftari la ndege itapimwa upya kabla ya kutafuta injini nyingine, kwa sababu nafasi ya kukosea iliyobaki pale mbele ya miti ni ndogo kuliko alivyodhani.

Tulisikia watoto wakicheza mahali fulani nyuma ya Winrose.

— Kila nambari?

— Kila nambari.

— Zile kilo zangu sitini na mbili nilizokuambia mwaka ule ulipoanza kuchora, alisema. Andika sabini na nne.

Kipngeno alitafuta kalamu, akaandika.