Mwana Hiti wa Bilali

Katika bajaji iliyotoka Kongowe, mwalimu Dina alijifanya anatazama barabara, kumbe masikio yako kwa abiria wenzake. Bilali, kijana mchongaji anayekwenda kwenye maonyesho Sofu, alikuwa amempakata mwana hiti, yule mwanasesere wa mti ambaye mwali wa Kizaramo humlea akiwa ndani.

"Huyo ni wa unyagoni," bibi aliyeketi kando yake akamkaripia. "Nani kakutuma umtoe hadharani, tena wewe mwanamume?"

Bilali akakumbuka adabu. "Shikamoo, bibi. Marehemu bibi yangu alikuwa naye. Nachonga ili nisimsahau."

"Marahaba. Kumkumbuka mtu ndiyo kumwanikia siri zake?"

"Siri ikikosa wa kuirithi, bibi, si itakufa?"

Dina angewapa wote wawili alama za juu.

Bibi akamnyang'anya mwanasesere, akampapasa kichwa. "Umempaka vanishi! Huyu hupakwa mafuta ya nyonyo, mjukuu wangu. Nani kakufundisha?"

"Hakuna aliyebaki wa kunifundisha."

Bajaji ikasimama Sofu. Bibi alikuwa bado anagomba, ila mwana hiti amemweka begani, anampigapiga mgongoni taratibu, kama vile mtoto hajapata usingizi.