Vifaranga Arobaini na Daftari la Maktaba

Mgeni rasmi, Bwana Msimamizi wa Makambi ya Wafanyakazi wa Mgodi, karibu Kolwezi, wewe pamoja na vifaranga arobaini uliotuletea. Tumefurahi. Pia tumechanganyikiwa, na bora tuseme mapema.

HISTORIA

Maktaba yetu ilifunguliwa mwaka 1955, makabati mawili na benchi moja, chini ya karani wetu Polycarpe. Kwa kutupenda, Polycarpe alibandika ukutani majina yetu na vitabu tulivyoazima, ili tusifiwe. Hakuona ubaya wowote. Jumapili iliyofuata kambi nzima ilijua mama mmoja, ambaye hatumtaji, alikuwa anasoma nini, na mama mkwe wake ndiye aliyeanza kucheka. Mama alirudisha kitabu huku akilia: "Tata Polycarpe, batu bote banajua. Mi sitarudia tena hapa."

Siku hiyo Polycarpe hakula. Aliibandua karatasi, na tangu hapo, mtu akiazima chochote, yeye huandika daftarini kitabu kimoja tu: Ufugaji wa Kuku.

MAFANIKIO

Kila msomaji mpya hufundishwa kwanza kufunika kitabu chake kwa gazeti, na kutomuuliza jirani anasoma nini. Tumefika wasomaji themanini na watatu.

MATATIZO

Ofisi yako ilipata hesabu ya daftari letu, ikaona watu themanini na watatu wanasoma habari za kuku, nawe ukaja kutupongeza kwa vifaranga. Mgeni rasmi, hatuna hata banda. Kitabu chenyewe kililiwa na mchwa mwaka jana.

Sasa umesema utaondoka na daftari, na kurasa zake kumi na moja za mwanzo, za kabla ya kuku, zina ukweli wote. Polycarpe amesimama pale nyuma, daftari kwapani. Akikupa, tutaaibika, akikunyima, atafukuzwa kazi. Tangu asubuhi anatuuliza, "Bandugu, mi nifanye namna gani?" Tunamwonea huruma sana.

MAOMBI

Daftari libaki. Polycarpe abaki. Vifaranga tutawafuga, tunaahidi, ingawa hatujui wanakula nini.

Yule mama alirudi juzi. Aliazima kitabu, akakifunika kwa gazeti, akaenda zake ameinua kichwa. Tulichungulia daftari, Mungu atusamehe. Limeandikwa kuku.

Mungu akufikishe salama ofisini kwako Mutshatsha, mikono mitupu na moyo mweupe.

Ni sisi,
Wafuga Kuku wa Maktaba ya Kambi ya Pili,
Kolwezi, 1957