Mstari wa Sahihi ya Mume

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Mageuzi ya Afya. Wanakamati wa kliniki. Wateja wetu mliokuja na vichwa nusu: hamjambo.

KARIBU

Sisi wasusi wa Kenyatta Market tunakukaribisha katika kliniki hii mpya ya soko. Tumefunga vibanda ili tukupokee, ndiyo maana unaona wateja wengine wamesukwa upande mmoja tu. Watatuvumilia. Tulipewa dakika tano, tukaambiwa tuseme asante. Asante.

SISI NI NANI

Tuko mia moja na themanini, wote wanawake. Hapa kichwa kimoja husukwa na watu watatu au wanne kwa pamoja, mmoja kisogoni, mwingine utosini, ili mteja awahi kazini. Kwa hiyo tunajuana sana. Mwenzako akibadilisha pumzi unamsikia kabla hajasema.

Ndivyo tulivyojua kwamba Selpher Awiti ameshikwa na uchungu, Machi 2006, rasta za mteja zikiwa bado mkononi mwake.

YALIYOTUPATA

Tulimkimbiza hospitali sisi wanne, dada yake wa tumbo moja akiwemo. Daktari alisema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe mara moja. Selpher, akiwa na akili zake timamu, akasema, "Nipasueni."

Muuguzi akatoa fomu. "Bwanake ako wapi? Lazima mzee asaini."

Bwana alikuwa Ugenya kwa mazishi, simu haishiki. Dada akatoa kitambulisho chake, akasema atasaini yeye.

"Hapana, mama. Tunataka mwanaume."

Tulibembeleza saa tatu nzima. Mwishowe tukafanya kosa tunaloliungama mbele yako: tukamwita Mwololo, mchoma nyama jirani wa vibanda vyetu, tukasema ndiye mume. Alikuja na aproni yake ya mafuta. Akatuuliza kwa sauti, muuguzi akisikia, "Na huyu jina ya pili anaitwa nani?" Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Alitia sahihi, na Selpher akapelekwa kupasuliwa.

Selpher alipona. Mtoto wake, msichana, alitolewa amekufa. Tukaambiwa tumechelewa. Sisi! Tumechelewa!

MAFANIKIO

Rangi ni nzuri. Maji yapo, kitanda cha kujifungulia kipo. Mmetuambia haya ndiyo mageuzi, nasi tuliamini hadi jana.

CHANGAMOTO

Jana tulipokuja kufagia tulizikuta fomu mpya za kliniki hii, wino bado unanukia. Chini kabisa pameandikwa: "Sahihi ya mume." Zilipitishwa na wanakamati saba, wote wanaume. Tulipomuuliza mwenyekiti, alicheka. "Hiyo ni kawaida tu, akina mama. Msilete siasa."

Tuna hasira, Mgeni rasmi, na hatutaificha kwa sababu ya sherehe. Mwololo ni mtu mwema. Lakini mwanaume asiyejua hata jina la pili la Selpher alisikilizwa, na Selpher mwenyewe hakusikilizwa. Nawe pia, Mama, pamoja na cheo chako, siku ile ungeambiwa utafute mwanaume.

OMBI

Tunalo moja tu. Aliyeketi mbele yako na leso ya kijani ni mwenzetu Cate. Ana mimba ya miezi minane, mume hana, na hatutaki tena kumkodia mtu mume pale kwa nyama choma. Tunaomba ufute mstari huo na uandike "Sahihi ya mgonjwa", kwa mkono wako, wanakamati wakiona. Fomu ziko mezani, kalamu pia. Ni nyingi, lakini sisi tumezoea kusimama kutwa tukisuka vichwa vya watu, tutakusubiri.

Ukimaliza tutafungua kliniki. Mkasi wa kukatia utepe tunao sisi.

Mungu akulinde wewe na binti zako, na siku mtakayougua, mwenye kuulizwa kwanza awe ni ninyi.

Ni sisi,
Wasusi wa Kenyatta Market.
Imesomwa na Waithera, katibu wao.