Jicho la Maji ya Moto

Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, maana pumzi iliyobaki ni ya kuazima. Veronicah, niinue kidogo. Gedion, mpigie tena kaka yako Mwaniki. Hashiki? Basi nitasema na ninyi.

Lile pango la chini ya shamba halikuchongwa na mtu. Mvua ya kule juu mlimani, Kianjokoma, huzama ardhini, ikashuka polepole hadi kwenye mawe yenye joto, ikachemka, ikapanda tena huku ikilila jiwe kidogo kidogo, mpaka pakawa na nyumba yenye maji ya moto ndani. Maji niliyowaogesha mlipozaliwa, nyote watatu, yalinyesha kabla babu zenu hawajazaliwa. Haba na haba, wanangu! Halafu mtu anataka kuyamaliza kwa msimu mmoja wa muguka, majani ya kutafuna tu.

Nilimwambia Mwaniki asitoboe juu ya pango, maji yale yana njia moja tu. Akanicheka: "Mama, huko chini ni ziwa, haliishi." Ziwa! Kisima chake cha mashine kikatapika maji ya moto, miche ya muguka ikaungua, akajenga tangi ayapoze, kijiji kizima kikampigia makofi, na kabla ya mvua ya pili jicho la chemchemi pangoni likafumba. Majirani nao wakachimba, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hili tumevunjika sote.

Shamba ligawanyeni sawa, na Veronicah apate fungu lake, sitaki ubishi. Mbuzi ni wa Gedion. Watoto wasiingie pangoni, kwa sababu maji ndiyo yaliyoishikilia ile dari, na sasa inamwaga mawe. Na kile kisima cha pili, cha kwenda chini zaidi, Mwaniki asikichimbe. Sitarajii maji yarudi, nisiwadanganye. Lakini asichimbe.

Nini hiyo inanguruma? Aka, Veronicah, hiyo si lori ya mchanga. Ndiyo mashine ya kuchimba. Ndiyo maana hashiki simu.

Haya. Sogeeni niwatemee mate kifuani, niwabariki kama mama mkwe wangu alivyonibariki. Mdomo... umekauka. Nileteeni maji ya pangoni, hata tone. Tope tupu?

Mungu awalinde... Mwaniki pia, mwambieni. Karibu zaidi, wanangu. Mate sina.