Udongo Mwekundu kwenye Viti vya Bwana Mkubwa

Mbukwenyi, wazee wangu. Na ninyi ndugu zangu mliobanana huko nyuma, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mwalimu wa kanisa letu ameniambia nisimtaje mtu kwa jina, nami sitamtaja. Mnivumilie, maana jambo hili mpaka leo naogopa kulisema. Haya, chekeni, lakini mnisikilize.

Mnanijua, mimi ni fundi wa ngozi. Nilijifunza kwa baba yangu kule Haneti, ngozi za kuvaa na za kulalia. Siku moja shaushi, yule mkubwa wa askari wa bomani, akaja kwangu. Viti vya gari la nyumbu la Bwana Mkubwa, yule Mzungu mtawala wa boma, vimechakaa, akasema. Jua letu mnalijua. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka, nyasi za ndani zinachungulia, rangi imebaki pembeni tu.

"Unaviweza?"

"Naviweza, shaushi. Ngozi ni ngozi."

Kiburi, ndugu zangu! Kiti cha gari nilikuwa sijakigusa tangu nizaliwe.

Kushona nilishona vizuri, hapo najisifu. Nilitia viraka kwa ndani, nikashona kwa kano za ng'ombe. Balaa lilikuwa kwenye rangi. Mimi nilijua ile ya kwetu: udongo mwekundu uliosagwa, unachanganywa na samli, unapakwa na kusuguliwa kwa kiganja mpaka ngozi ing'ae. Mama zetu huvaa ngozi hizo, na ule wekundu ukiwahamia mwilini ndio urembo wenyewe. Nani kati yetu angeona ni kosa? Viti vikang'aa. Shaushi akanipiga bega, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Kesho yake asubuhi mke wangu akaja mbio kutoka kisimani.

"Baba watoto, dobi wa bomani kakamatwa! Wanasema kaharibu kiti cha Bwana Mkubwa."

Dobi huyo ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, ndiye anayefua nguo za Bwana Mkubwa. Alikuwa akipakia sanduku la nguo garini, akaegemea kiti. Kanzu yake ikawa nyekundu mgongoni, na kiti kikabaki na doa. Hukumu ilikuwa hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, wanangu, kwa ninyi mliozaliwa juzi.

Nilielewa papo hapo. Ni rangi yangu iliyomhamia.

"Nenda ukaseme ni rangi yako," mke wangu akaniambia.

"Nikisema watanilaza mimi."

"Na asiyejua kitu ndiye alazwe?"

Nilitoka, lakini sikuingia bomani. Nilijibanza nyuma ya ua wa miiba wa zizi la nyumbu. Niliwahi kumwona mtu aliyepigwa hamsa ishirini, ngozi ya mgongo wake hakuna fundi angeweza kuishona. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Nawaambia kweli, niliomba Mungu wamsamehe ili mimi nisilazimike kusema. Sala gani hiyo?

Hawakumsamehe. Wakamlaza, shaushi akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Cha tano, dobi akamwita mama yake. Hapo miguu ikanitoa yenyewe.

"Ni rangi yangu! Mwacheni, ni mimi!"

Bwana Mkubwa akamzuia shaushi, akatutazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kesho kutwa mimi kwenda Mpwapwa. Suruali nyeupe. Ikipata rangi, ninyi wawili, hamsa ishirini kila mtu."

Siku ile sikula. Niliwaza kutorokea Haneti, lakini nikitoroka, mgongo uliobaki ni wa dobi. Jioni akaja mwenyewe, anatembea kama mzee, amebeba kikapu cha udongo mweupe mkavu.

"Samli kwanza itoke," akasema. "Penye mafuta rangi haishiki. Nguo zimenifundisha."

Tulikwenda bomani, kwenye banda la gari, tukanyunyiza ule udongo, ukanyonya mafuta, tukaupangusa, tukanyunyiza tena. Kisha mimi nikakumbuka jembe langu la kutu, lilivyowahi kuangukia ngozi iliyolowa maji ya magome ya mgunga. Liliacha doa jeusi ambalo sikuweza kulitoa kwa lolote. Basi tukachemsha magome, tukapaka. Juu yake tukapaka maji yaliyolowekewa vyuma vya kutu. Viti vikawa vyeusi tii! Vilipokauka tukasugua nta ya nyuki. Dobi akachukua kitambaa cheupe, akasugua kwa nguvu zake zote. Kikabaki cheupe.

Lakini kivulini ni kivulini, na juani nta huyeyuka. Siku ya safari tuliamriwa kukimbia nyuma ya gari mpaka jua liwake, askari kiboko mkononi. Kila hatua nilikihisi mgongoni kabla hakijashuka. Walipowanywesha nyumbu, Bwana Mkubwa akashuka, shaushi akainama kumtazama nyuma.

Suruali ilikuwa nyeupe.

Bwana Mkubwa akapanda, akaenda zake bila hata kutuangalia. Dobi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia ukweli nisioutaka. Na mafunzo yangu ni haya: kuogopa si dhambi, mimi bado naogopa. Dhambi ni kumwacha mwenzako alipie hofu yako.

Na dobi namshukuru kuliko wote. Yule pale mlangoni, nimemwomba aje leo ingawa hii si nyumba yake ya ibada. Huwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Siku ile aliniuliza nilikuwa wapi, nikamdanganya kwamba nilikuwa porini natafuta magome, niliposikia nikaja mbio.

Rafiki yangu, sasa umesikia. Sikuwa porini. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwako, nyuma ya miiba, nikihesabu pamoja na shaushi. Nisamehe.